Nywele za Kumwonyesha Daktari

Baraka, Jumatatu 4 Novemba 2002

Kaye hii ya kuandikia nimepewa na Jacques, infirmier, yaani muuguzi wa hospitali. Mimi sina desturi ya kuandika mambo yangu. Ameniambia: "Madame Pulchérie, kila siku andika kichwa kimeamka namna gani. Kinawasha? Kimetoka damu? Umepaka nini? Daktari akija atataka kusoma." Haya basi. Daktari, kama unasoma: leo kinawasha nyuma ya sikio la kushoto. Damu hakuna.

Huyo daktari ni fundi wa kupanda ngozi na nywele. Atakuja kwa mashua mwezi wa pili, akae siku kumi, aone watu ishirini walioungua. Jina langu ni la kumi na nne. Nimeenda kulisoma kwenye karatasi ukutani mara tatu, na mara ya tatu Jacques akaniuliza kama naogopa litaruka lenyewe.

Masharti aliyahesabu kwa vidole. Nisinyoe. Nisisuke. Nisipake mawese, majivu wala mizizi. Nitafute picha ya zamani, ya kichwa changu kikiwa kizima. Nije na gadimalade, mtu wa kwetu atakayenipikia na kunigeuza kitandani, maana hospitali haina mtu wa kazi hiyo. Lile la kunyoa alilirudia. "Wembe usiguse kabisa. Daktari anatoa ngozi yenye nywele huku nyuma, anaipanda mbele. Asipoona nywele, atapanda nini?"

Historia yenyewe ni fupi. Mwaka 1998, vita ilipofika, walichoma nyumba yetu kule Fizi. Nilikuwa na miaka ishirini. Paa la nyasi liliniangukia, Mama akaingia akanivuta mguu mpaka nje. Kuanzia nyusi ya kushoto hadi nyuma ya sikio hakuna hata unywele mmoja. Tulishuka ziwani, Mama na wadogo wakakaa Swima, mimi nikapata darasa la tatu hapa Baraka. Nafundisha na kitambaa kichwani. Watoto hawaulizi tena.

Jumanne 5 Novemba

Mvua. Kinawasha. Damu hakuna.

Jumatano 6 Novemba

Vilevile. Zubeda ameanza kufunga Ramadhani. Huyu ni jirani yangu, mume wake ana mashua mbili. Amenionya nisipike ndagala, dagaa wa ziwani, karibu na ukuta wake kabla ya jua kuzama.

Jumatatu 11 Novemba

Daktari, hili halikuhusu, lakini sina mahali pengine pa kuliweka.

Directeur, mkuu wetu, alinituma Fizi kupeleka karatasi za shule. Kwenye daraja kuna barieri ya basoda, askari wanaozuia njia. Wenzangu wote walipita. Mimi, komanda wao akaninyooshea kidole.

"We, toa kitambaa."

Nikatoa. Akazunguka kichwa changu polepole. Ana meno mazuri, sijui kwa nini naandika hilo.

"Hii ni moto ya nini?"

"Ya nyumba, chef."

"Nyumba haichomi nusu ya kichwa. Bomu ndiyo inachoma nusu. Unatengenezea Mai-Mai bitu gani kule mulimani?"

Nilisema mimi ni mwalimu, hao wapiganaji wa porini siwajui. Nilisema jina la shule, jina la directeur, nikataja hata somo la siku hiyo, kugawanya kwa tarakimu mbili. Akanikalisha chini tangu saa tatu mpaka saa saba, kichwa wazi kwenye jua, watu wa soko wakipita wakitazama. Halafu akaandika jina langu kwenye kikaratasi, akakitia mfukoni. "Enda. Siku ingine nitakukumbuka. Kichwa kama hii haisahauliki."

Nilijikojolea kidogo. Nimeandika, imekwisha. Kila mtu anadhani nataka nywele ili nipate mume. Wanaume wataoa au wataacha, shauri yao. Mimi nataka kupita barieri kama watu wengine wanavyopita.

Ijumaa 15 Novemba

Damu kidogo kwenye mto.

Zubeda, na njaa yake ya saumu, amekaa mlangoni kwangu kunichokoza. "Eti daktari atakupandia nywele? Kama mihogo? Basi chagua siku ya mvua, na mwambie aache nafasi, zisibanane." Nikamwambia mihogo yake mwenyewe imeliwa na nguruwe. Akacheka, halafu akauliza kwa sauti ndogo kama watanilaza usingizi kwa sindano. Nikasema Jacques anasema ndiyo. "Na ukiamka katikati?" Shetani wa mwanamke. Sikuwa nimelifikiria hilo, na sasa silifikirii jingine.

Jumamosi 23 Novemba

Mvua siku tatu. Mto umebeba daraja dogo la juu. Kinawasha.

Jumatatu 2 Desemba

Nilimpelekea Jacques kaye aione. Akaangalia kovu, akauliza walinipaka nini siku ile ya moto. Nikasema Mama alinipaka mawese na majivu, akanifunga na kikwembe, kitenge chake. Jacques akatikisa kichwa. "Mawese inapika ngozi, Madame. Ingekuwa maji safi tu, pengine nusu ya hizi nywele zingekuwepo."

Nusu. Alisema nusu, kisha akaita mgonjwa mwingine.

Nimerudi nyumbani nikiwa na hasira ambayo sijui niitupe wapi.

Jumapili 8 Desemba

Mama amekuja kwa mtumbwi na picha. Ameificha miaka yote ndani ya plastiki, ilipita motoni ikiwa kifuani mwake. Mimi nina miaka kumi na sita, nimesukwa mistari, nimevimba mashavu kwa sababu nilikuwa nimekatazwa kucheka. Nywele mpaka begani. Nilikuwa nimezisahau kabisa.

Ningesema asante. Badala yake nikasema: "Mama, unajua ni wewe uliyeharibu kichwa changu?" Nikamwambia yote ya mawese. Nilimwambia kama mtu anayesoma adhabu ya mwanafunzi.

Alikuwa anamenya muhogo. Hakuacha kumenya.

"Puli," akasema, "siku ile mi nilikuwa na kitu gani ingine?"

Akachukua muhogo mwingine.

"Maji ilikuwa kisimani, na basoda balikuwa kisimani. Nilikuwa na chupa ya mawese na majivu ya nyumba yangu. Basi."

Kisha akaosha mikono, akauliza gadimalade wangu ni nani. Nikasema bado. "Mi ndiye. Mutu mwingine atajua namna gani ya kukugeuza? Tangu tumboni unalala vibaya." Tukacheka kidogo, si sana.

Jumatatu 9 Desemba

Ameondoka asubuhi kabla sijaamka. Sikumwomba radhi. Nitamwomba mwezi wa pili, tutakuwa na siku kumi pamoja.

Jumatano 25 Desemba

Noeli. Mama ametuma ndagala na ujumbe kwa mdomo: sufuria ya hospitali ipo tayari, mkeka upo, amenunua na chumvi. Mjumbe akasema anawaeleza watu wote wa Swima kwamba anaenda kulinda mgonjwa wa daktari mkubwa. Kichwa hakiwashi. Nywele za nyuma zimefika shingoni. Nazichana na vidole tu.

Ijumaa 3 Januari 2003

Milio ya bunduki upande wa milima tangu asubuhi. Tulilala chini darasani, mimi na watoto arobaini na wawili. Mmoja akauliza kama wanaweza kuendelea kuandika wakiwa wamelala. Nikasema ndiyo. Waliandika vizuri kuliko siku zote, sijui kwa nini.

Alasiri kimya.

Alhamisi 9 Januari

Zubeda anasema kule kando ya mto watu wanahara na kufa. Chemsha maji, chemsha maji, ndiyo salamu ya siku hizi.

Jumanne 21 Januari

Sasa naandika yote. Nikiacha mpaka kesho nitaanza kujidanganya.

Ijumaa tarehe 17 asubuhi mtu wa Swima alifika na baiskeli: Mama anahara na kutapika tangu jana, hana nguvu. Ziwa lilikuwa limechafuka, hakuna mtumbwi uliokubali kutoka. Nikashika njia kwa miguu. Kutoka hapa mpaka Swima ni nusu siku, nilihesabu nitafika saa saba.

Barieri ya njia ya Swima ni ya juzi tu. Sikujua ni nani wamewekwa pale. Nilimtambua yule komanda wa darajani kwa meno yake.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Toa kitambaa."

Nikamwambia mama yangu anakufa. Akasema, "Bote banasema mama anakufa." Akaita wenzake waje kuona kichwa cha bomu. Walikuja mmoja mmoja. Nilipiga magoti, Mungu wangu, mimi mwalimu, nikamshika buti. Akanikalisha chini ya bendera yao mpaka alipomaliza kula, mpaka alipomaliza kulala, mpaka lori la mkubwa wake lilipopita, ndipo akasema, "Enda." Sijui ni saa ngapi. Nilikimbia mpaka kandambili zikakatika.

Mama alikufa saa nane. Nilifika saa kumi. Mdogo wangu Nadège aliniambia alikuwa anauliza, "Puli amefika?" Kila mlango ukisikika, "Puli amefika?" Tukamzika jioni ile ile, ndivyo inavyotakiwa kwa ugonjwa huo. Hatukuruhusiwa kumwosha. Kwenye kona ya nyumba kulikuwa na sufuria imefungwa ndani ya mkeka, tayari kwa safari ya hospitali.

Tulilala chini, siku tatu, wote wenye matanga. Nililia, lakini kilichokuwa kinanila ni kitu kimoja: kichwa hiki kimenichelewesha kwa mama yangu. Kama ningekuwa na kichwa cha watu, ningefika saa saba. Nikaapa huku nimelala kwenye udongo kwamba nitapandwa nywele hizi hata kama ni kisu kitupu bila sindano.

Jana ilikuwa siku ya kunyoa. Kwetu watoto wa marehemu wananyolewa wote, mkubwa mpaka mdogo, na anayeshika wembe ni dada wa marehemu. Ukinyolewa, unaoga, matanga yanaisha, unarudi kulala kitandani. Dada wa Mama ni mama mdogo Suzanne. Alikaa kwenye kibao uani, beseni mbele yake. Kaka yangu Bienfait akanyolewa wa kwanza. Kisha akaita, "Puli."

Nilikuwa nimelijua hilo siku zote tatu, nikajifanya silijui. Nikasema, "Mama mdogo, siwezi."

Hakusikia, au hakutaka kusikia. Alikuwa anafuta wembe. "Njoo, mwanangu. Kaa."

"Siwezi kunyoa. Daktari anakuja tarehe kumi. Asipoona nywele hanipandi. Wamenikataza."

Bibi mmoja wa ukoo akasema wazi kabisa, "Mutoto gani huyu?" Bienfait akanisogelea na kichwa chake kinang'aa kwa maji. "We Puli, unataka batu baseme ni wewe umekula Mama kwa uchawi? Ndiyo unataka?"

"Waseme."

"Kwa sababu ya nywele!"

"Ndiyo, kwa sababu ya nywele!" Nilipiga kelele. Kwenye matanga ya mama yangu nilipiga kelele. "Kama ningekuwa na nywele ningemkuta!"

Hakuna aliyeelewa, na mimi sikuweza kueleza. Mama mdogo alinitazama. Hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika. Akasema tu, "Mama yako alikutoa kwa moto," akamwita Nadège.

Sikungoja mwisho. Nilitoka uani wakati Nadège anaanza kunyolewa, nikashika njia. Mtumbwi mmoja ulikuwa unatoka, ukanichukua. Hakuna aliyenisindikiza.

Jumatano 22 Januari

Nywele zipo. Kinawasha.

Alhamisi 23 Januari

Vilevile.

Jumatatu 27 Januari

Zubeda amekuja kunipa pole, akakaa nami bila kunichokoza, na kwa Zubeda hilo ni kama kufunga mwezi mzima. Nikamweleza. Akasema, "Mi nisingeweza kufanya vile." Baadaye akasema, "Lakini mi sina kichwa yako." Nikamwomba awe gadimalade wangu. Akasema mume wake hatakubali, kuna maneno mjini tayari. Maneno gani? Akataja matanga ya Swima. Yamefika kabla yangu basi.

Jumatano 29 Januari

Swima yote imekimbia. Walipigana kule jana, watu wamekuja na mitumbwi na miguu, vichwani magodoro, kuku, wazee mgongoni. Shule imefungwa, wamelala madarasani. Nilipita dirisha kwa dirisha nikitafuta wetu. Bienfait na Nadège wamevuka kwenda ng'ambo, wapo hai. Mama mdogo Suzanne nilimkuta kwenye darasa langu mwenyewe, chini ya ubao, peke yake, amejifunga kitambaa cheusi mpaka kwenye nyusi.

Nikasema, "Mama mdogo, nina kitanda. Twende nyumbani."

"Nitalala hapa."

"Hapa ni sementi. Utaugua."

"Nitalala hapa, Puli."

Nikaacha ugali na sombe ya majani ya muhogo. Nilipogeuka kwenye mlango nilimwona anampa mtoto wa jirani.

Ijumaa 31 Januari

Nimempelekea godoro langu. Amelikunja, ameliweka ukutani, analala chini mbele yake. Watu wote wanaona. Kama ananichukia si anipige kofi tuishe?

Jumatatu 3 Februari

Mvua kubwa. Nimejiangalia kwenye kioo cha Zubeda. Upande wa kulia nywele zimejaa, nyeusi, zinapendeza. Niliogopa kuzitazama.

Jumanne 4 Februari

Jacques anauliza gadimalade yuko wapi. Nikasema anakuja. Bila gadimalade hawapokei mgonjwa, akarudia hilo mara mbili.

Ijumaa 7 Februari

Nimeota niko mezani kwa daktari, anafungua kitambaa, chini yake kichwa chote ni kovu. Nimeamka nikazishika nywele kwa mikono yote miwili.

Nimewaomba wanawake wanne sasa. Mmoja ana mimba, mmoja anaumwa, mmoja alicheka, mmoja alisema ukweli: haingii hospitali na mtu aliyekataa kumlilia mama yake.

Jumatatu 10 Februari

Mashua haikuja. Wanasema ziwa, wanasema basoda, hakuna anayejua.

Jumanne 11 Februari

Haikuja.

Jumatano 12 Februari

Imekuja! Nimewaona wakishusha masanduku. Leo ni Idi, sikukuu ya Zubeda, amenipa nyama, bado iko kwenye sahani. Kesho saa tatu. Nimeosha nywele kwa sabuni nyeupe. Picha ninayo. Gadimalade sina. Naogopa kisu, naogopa sindano, naogopa akisema hapana, na nikichunguza sana naogopa akisema ndiyo.

Ijumaa 14 Februari, asubuhi

Ni mapema, bado nina muda. Naandika ya jana.

Daktari anaitwa Alphonse, mzaliwa wa Kalemie, mtu mfupi mwenye vidole vya joto. Alinikalisha karibu na dirisha. Nilifungua kitambaa mwenyewe kabla hajaniambia. Ni mara ya kwanza tangu moto kwamba mwanamume ananitazama kichwa na sikusikia haja ya kukimbia. Alibonyeza kovu, akavuta ngozi ya nyuma kama mama anayepima kitambaa cha kushona, akaangalia picha, akatabasamu kwa yale mashavu niliyovimba. Nikampa kaye. Alisoma ukurasa wa kwanza tu, akairudisha. Namshukuru Mungu.

"Inawezekana," akasema. "Si yote. Ngozi ya nyuma itatosha nusu ya kovu, huku mbele panapoonekana. Nusu nyingine mwaka ujao, kama vita inatuacha. Kesho wewe ni wa tatu."

Nikalia. Jacques naye alikuwa anacheka kwa furaha.

Daktari akaandika kitu, bila kuinua macho akasema: "Leo wamunyoe kichwa yote."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Kunyoa?"

"Ndiyo, yote. Siwezi kukata ngozi ndani ya msitu."

"Lakini waliniambia nisinyoe. Wembe usiguse."

"Nani alisema?" akauliza daktari. Jacques akaanza kuangalia dirishani. Daktari akasema, kwa upole kabisa, hakujua anasema nini: "Nilitaka tu nione mahali nywele zinaota. Nywele za wiki mbili zingenitosha."

Nikahesabu pale pale, ni kazi yangu kuhesabu. Tangu tarehe 20 Januari mpaka jana ni siku ishirini na nne. Ningenyolewa pale uani mbele ya watu wote, ningemlilia mama yangu kama mtoto wa watu, na bado daktari angeona nywele. Na zingebaki siku kumi za ziada.

Nilimtazama Jacques. Nilitaka kumpiga kwa hii kaye. Lakini hakunidanganya. Alirudia alichosikia, akaongeza woga kidogo ili nitii, kama ninavyowafanyia watoto wangu wa darasa la tatu. Mimi ndiye niliyefanya lile neno liwe kubwa kuliko Mama.

Mwanamke wa hospitali akaja na wembe na beseni. Aliponigusa shingo nikaruka. "Si hapa!" nikasema. "Nipeni mpaka jioni. Nitarudi nimenyolewa." Daktari akasema sawa, mradi nirudi na gadimalade. Nikachukua wembe mpya ndani ya karatasi yake, nikatoka kichwa wazi. Kitambaa nilikisahau kwenye kiti. Nimepita soko zima la Baraka kichwa wazi, ndiyo nakumbuka sasa.

Mama mdogo alikuwa chini ya ubao, anachambua maharagwe. Nilipiga magoti kwenye sementi.

"Mama mdogo, ninyoe."

Akaendelea kuchambua. Wanawake wengine darasani wakaacha kazi zao.

"Daktari anasema kunyoa si kitu. Anasema ningeweza kunyoa siku ile. Nilikosea. Nimemkosea Mama, nimekukosea wewe, na Mama sikumwomba radhi hata ya mawese." Maneno mengine sikumbuki, nilikuwa nalia kwa sauti. "Najua unanichukia. Umekataa kitanda changu, umekataa godoro, umegawa chakula changu. Nichukie. Lakini uninyoe wewe. Nisinyolewe na mtu wa hospitali kama kondoo."

Akaweka ungo pembeni. "Nani alisema ninakuchukia?"

"Unalala chini mbele ya godoro langu!"

"Puli," akasema, na alikuwa amechoka sana, "mi niko kwenye matanga."

Akafungua kile kitambaa cheusi. Nywele zake zilikuwepo zote, zimejaa mvi na vumbi, hazijachanwa tangu mwezi wa kwanza. Nilijua desturi, niliijua tangu utoto, ila nilitoka uani kabla ya mwisho na sikuuliza. Anayenyoa watoto ananyolewa wa mwisho. Na hanyolewi kama mtoto mmoja bado.

"Wenzako balinyoa, banaoga, banalala kwa kitanda," akasema. "Mi nilibakia chini. Na mutu wa matanga hali chakula ya mutoto mwenye hajanyoa. Nilikuwa nitafanya nini? Nilikuwa nakungojea."

Siku ishirini na nne kwenye udongo na kwenye sementi, mwanamke wa miaka sitini, akikimbia vita, akinisubiri mimi. Na mimi nikaandika humu kwamba anipige kofi.

Wanawake wakaleta maji. Akanilaza kichwa kwenye mapaja yake. Alianza upande wa kulia, nywele zangu zikaanguka kwenye kikwembe chake, nzito, zote nilizozilinda. Alipofika kwenye kovu alisimamisha wembe. Alikuwa hajawahi kuligusa. Akalipitishia kidole kutoka kwenye nyusi mpaka nyuma ya sikio, taratibu, akasema, "Dada yangu, dada yangu," na hakuwa anasema nami. Hapo ndipo nilipomlilia Mama vizuri.

Alipomaliza akanipa wembe, akainama. Niliogopa nitamkata. "Nyoa," akasema. "Usiogope, haina daktari hapa." Watu wakacheka, na mimi nikacheka na makamasi yangu, nikamnyoa. Tulioga nyuma ya choo cha shule, kwa beseni moja.

Jacques alipotuona jioni, vichwa viwili vinang'aa, hakuuliza gadimalade ni nani. Aliandika jina la Suzanne kwenye karatasi. Wakaturuhusu tulale nyumbani, mpaka leo saa moja.

Hofu haijaenda popote. Naogopa kisu, na yule wa barieri bado yuko kwenye njia, na nusu ya kovu itabaki hata mambo yakienda vizuri. Saa inakaribia na chai imeiva. Mama mdogo bado amelala kitandani kwangu, amenyoosha miguu yote miwili, anakoroma. Nitamngoja aamke mwenyewe.